Laini ya Ndani 214

Kabla ya sauti, hodi.
Simu yangu ya mezani hapa Kibuye, juu ya duka la magodoro,
haianzi kwa kusema. Hutuma barua fupi kwa seva:
namtaka 214, na namna ninazojua kusema ni hizi, achague.
Seva hujibu: ngoja, namtafuta.
Kisha: inalia.
Kisha huko Nakuru, kwenye ghala la ngano kando ya reli,
mkono huinua chombo, barua ikarudi: haya.
Nami kwa adabu sharti nijibu: nimeisikia haya yako.
Ndipo mlango ufunguke.
Watu wa Chwele hatuhitaji kufundishwa hili.
Mulembe hujibiwa mulembe,
ndipo ueleze kilichokuleta.

Nimefunga laini arobaini na moja za kampuni hii ya nafaka.
214 ni ya mlinzi wa usiku.
214 ni Fwamba, ndugu yangu.

Sauti yake haiji nzima. Haiji nzima ya mtu yeyote.
Hupimwa mara elfu nane kila sekunde,
kila kipimo kikawa namba,
namba mia moja na sitini zikatiwa kwenye kibahasha
chenye nambari mgongoni kama gunia la ghalani,
na kila kibahasha kikajitafutia njia.
Vingine hupotea. Hakuna arudiye kuvitafuta;
silabi iliyochelewa haina soko.
Na zile sauti nyembamba za juu hukatwa,
hata se na fe zikafanana,
na karani wa Nairobi, mwaka mzima sasa, humwita Swamba.

Fwamba ana kigugumizi tangu utoto.
Shuleni walimmalizia maneno, wakayamalizia vibaya.
Alisema ka, wakampa kalamu.
Alitaka kamba. Ndama alikuwa mtoni.
Mama peke yake hakummalizia.
Alichambua maharagwe ungoni, hatazami juu,
akipokea kipande, akikiweka kando, akingoja kingine,
mpaka neno litimie, ndipo ajibu
kana kwamba lilifika zima.

Mashine yangu ina sehemu ya kazi hiyo. Huitwa bafa.
Hushika vibahasha vilivyokuja shaghalabaghala,
huvipanga, huvingoja vilivyochelewa
milisekunde sitini, si zaidi.
Niliisomea chuoni, nikaifanyia mtihani,
na hakuna aliyeniambia nimelelewa nayo.

Jumanne, saa nane za usiku, alinipigia.
Kimya kisicho na hata pumzi.
Kisha "ma". Kisha kimya.
Nikasema, mtandao huo. Piga tena.
Akapiga. Nikakata.
Mara ya tatu nikafungua kumbukumbu za seva:
hakuna kilichopotea njiani, hata kimoja.
Ni mimi, mwezi Machi, nikibana matumizi,
niliyewasha kile kipengele kisemacho
mtu asiponena, usitume kitu.
Basi pumzi yake kabla ya neno, mdomo ukijikusanya,
ile kazi nzito ambayo mama aliisikia kuliko neno lenyewe,
ilikuwa ikitupwa pale pale ghalani
kwa amri yangu.

Nikakizima. Kwa 214 pekee.
Itakula data; nitawaeleza wenye hesabu,
au nisiwaeleze.

Sasa akinyamaza, nasikia:
taa ndefu ikiunguruma, behewa likigongana na behewa,
panya ndani ya ngano,
na yeye, akivuta hewa.
"Ma..."
Nangoja. Sina ungo; nina kipande cha waya
nakiviringa kidoleni.
"Ma..."
Sitini zimepita. Mia sita. Elfu mbili.
Nadhani ni mama. Tangu tumzike, neno hilo
humkwama kuliko yote, nusura nimtolee.
Nauma ulimi.
"Ma... maharagwe," asema. "Yale ya mkebe wake.
Niliyapanda nyuma ya gha... ghala.
Nimemulika tochi sasa hivi.
Ya-yameota."